Nyumba ya Majiko Mawili

Pale jiko lilipokuwa limesimama palibaki mraba safi. Sakafu yote ya jikoni ilikuwa imechakaa ikawa rangi ya chai ya maziwa, lakini mraba ule ulikuwa bado na maua yake mekundu kama yalivyotoka dukani. Mpelelezi Vernell Gadsby alichuchumaa akautazama.

"Mtu kafa kwa mkaa, wewe unatazama maua," alisema Sajini Hobart Munn kutoka mlangoni. Munn alikuwa mnene, ana mafua, na ngazi za nyumba za Mtaa wa Tillman hazikuwa rafiki zake.

"Natazama jiko ambalo halipo."

Marehemu alikuwa Bibi Ottilie Pruitt, mpishi mstaafu wa shule, mpangaji wa ghorofa ya juu kwa zaidi ya miaka thelathini. Jumapili alikutwa ameketi mezani, shali mabegani, kichwa kimelala juu ya mikono. Kando yake, juu ya sinia la bati, palikuwa na jiko la mkaa la kuchomea nyama, lile ambalo watu wa Port Hadley hulitoa uani wakati wa joto wakachoma soseji. Juu ya jiko, sufuria. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa nailoni, kama yanavyozibwa madirisha ya nusu ya mji huu kila Januari, maana upepo wa ziwa hauna adabu. Mkaa ulijaza chumba hewa ya sumu kidogo kidogo, na bibi akasinzia asiamke.

Polisi wa zamu waliandika "ajali" wakafunga mlango. Daktari aliyeuchunguza mwili ndiye aliyewarudisha. Alipiga simu Jumanne asubuhi akauliza swali moja tu: mtu aliyepika maisha yake yote anawashaje mkaa ndani ya chumba, jiko lake la gesi liko wapi? Kapteni wao akaja juu. Kwa maoni yake, aliyeliondoa jiko ndiye aliyempeleka bibi kwenye mkaa, na kama aliliondoa ili kumfukuza nyumbani, basi hilo si wizi tena, ni kuua. Alitaka jina kabla ya kesho, mwendesha mashtaka atakaporudi ofisini.

Vernell naye alilitaka hilo jina. Alikuwa amekula chakula cha Bibi Ottilie shuleni, kama alivyokula nusu ya mji, na alikumbuka mkono ulioongeza kipande cha mkate wa mahindi bila kuulizwa. Alikuwa na hasira tangu asubuhi na hakujaribu kuificha.

Alianza na bomba. Lilitoka ukutani likaishia kwenye kizibo kipya cha shaba. Kwenye meno ya kizibo kulikuwa na lami nyeupe ya mafundi, ile ya kuzuia gesi isivuje, imepakwa kwa kidole gumba ikasawazishwa.

"Mwizi anakata bomba anakimbia," alisema. "Huyu alifunga gesi, akaziba, akapaka lami, kisha akapima kwa povu la sabuni. Ona, limekauka hapa."

"Mwizi mwenye cheti."

"Njoo unuse sufuria hii."

"Nina mafua."

"Basi onja."

"Siwezi kula ushahidi, Vernell. Walishanionya mara moja."

Alinusa mwenyewe. Kabichi iliyochachushwa, na soseji ya moshi. Akafungua kabati. Unga wa mahindi, kunde, pilipili ya chupa, mafuta ya nguruwe kwenye kopo: chakula cha mwanamke wa Alabama. Kabichi chachu ilikuwa chupa moja tu, tena mpya. Bibi Ottilie hakuwa akijipikia mwenyewe.

Munn alikuwa amesimama chini ya kifaa cha ukutani kinacholia gesi mbaya ikizidi. Alikifungua. Hakikuwa na betri.

"Hizi nazo zilitolewa," alisema, na sauti yake ilibadilika. "Jiko limetolewa, betri zimetolewa. Mtu alipanga."

Vernell alitazama huku na huku. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na redio ndogo. Aliigeuza, akafungua mgongo wake. Betri mbili, ukubwa ule ule. Aliwasha, na kwaya ya injili ikajaa jikoni kwa sauti ya juu, ya mtu asiyesikia vizuri. Akazima haraka.

"Alizitoa mwenyewe," alisema. "Alitaka kusikiliza kwaya."

Mwenye nyumba aliishi ghorofa ya chini. Casimir Pilarski alikuwa Mpolandi, fundi bomba mstaafu wa kiwanda cha chuma, mjane, miaka sabini na minane. Alikuwa amevaa tai. Ilionekana hajaivua tangu Jumapili alipotoka kanisani. Aliwakaribisha, akawachemshia kahawa, kisha akasahau kuwawekea vikombe.

"Bwana Pilarski, pole sana kwa msiba," alisema Vernell. "Jiko la juu lilitolewa lini?"

"Juu hakuna jiko."

"Naona halipo. Nauliza lilitolewa lini."

"Juu hakuna jiko, afisa. Hii nyumba ni moja. Sisi ni kaya moja."

"Bibi Ottilie alikuwa mpangaji wako?"

"Mpangaji gani? Hapa hakuna mpangaji. Alikuwa ndani ya kaya yangu. Tulikula pamoja."

"Kuna aliyekuwa hamtaki hapa?"

Mzee aliinua uso kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu. "Muulizeni Lassiter. Yule ndiye anayeutaka mtaa huu. Siku hizi anapita anahesabu nyumba zetu kama kuku wake."

Walitoka kibarazani. Munn alipenga kamasi.

"Umewahi kusikia mfiwa anasema 'kaya'?" aliuliza Vernell.

"Labda Wapolandi ndivyo wanavyosema."

"Wapolandi wanasema nyumbani, kama mimi na wewe. Kaya ni neno la ofisini. Halikuingii mdomoni mpaka ulisikie kwa mtu anayelitumia kazini. Mzee amelisikia wapi?"

"Umtie pingu kwa neno?"

"Nataka kujua kalipata wapi, basi."

Kip Lassiter alikuwa dalali wa nyumba na mwenyekiti wa chama cha majirani wa Tillman, kofia mbili ambazo hakuona tabu kuzivaa pamoja. Ofisi yake ilikuwa na joto zuri na bakuli la peremende. Vernell hakuchukua peremende. Kwa muda wa nusu saa alikuwa ameshamhukumu mtu huyu moyoni, na alikuwa amekuja kutafuta ushahidi wa kuitimizia hukumu yake.

"Umeshanunua nyumba ngapi Tillman?"

"Nne. Kwa bei ya haki."

"Ya Pilarski uliitaka?"

"Nani hataki nyumba ya kona? Nilimwomba mara mbili. Mara ya pili alinimwagia kahawa kiatuni. Si kosa la jinai kuomba."

"Ijumaa na Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Chicago, kwenye harusi ya mpwa wangu. Kuna picha zangu nacheza. Nisingependa uzione." Alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. "Afisa, unadhani nimebeba jiko la bibi kizee? Mgongo huu?"

"Nani kakuambia habari ya jiko?"

"Mtaa mzima unazungumza. Na ukweli, mimi ndiye niliyewaonya. Alhamisi jioni, kwenye mkutano. Jiji lina kanuni mpya za makazi. Chini ya kanuni hizo, mtaa kama wetu ni wa nyumba za familia moja tu. Sasa nyumba moja ni nini? Niliwaeleza: nyumba ni jiko. Majiko mawili, nyumba mbili. Nyumba mbili hapa ni haramu. Mkaguzi akija Jumatatu akakuta jiko la pili, aliyeko juu anatolewa."

"Nani alisema mkaguzi atakuja Jumatatu?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

Lassiter alichukua peremende. "Ilikuwa inazungumzwa. Mimi niliwapa sheria tu. Watu walinishukuru! Hata Pilarski, ambaye hanisalimii, alisimama akauliza swali."

"Swali gani?"

"Aliuliza, 'Na kama jiko halipo?' Nikamjibu, kama jiko halipo, basi aliyeko juu ni mtu wa kaya moja na wewe, na hakuna wa kumgusa. Alikaa chini akiwa ametulia kabisa. Ilinifurahisha, kusema kweli. Nilidhani tumepatana."

Munn aliacha kuandika. Vernell alimtazama dalali yule, suti yake na peremende zake, na akatamani sana awe muuaji. Ingekuwa rahisi. Lakini ile hasira aliyoibeba kutoka asubuhi ilikuwa inamponyoka, na kilichokuja mahali pake kilikuwa kizito zaidi.

"Hizo kanuni," alisema, "ulizisoma mwenyewe?"

"Nilisoma ukurasa wa maana ya maneno."

"Na ramani?"

"Ramani ya nini?" aliuliza Lassiter.

Ofisi ya mipango ya jiji ilikuwa orofa ya chini ya jengo la manispaa, mahali ambapo mabomba ya joto yanapiga kelele na maua ya plastiki yana vumbi. Thora Nygaard alikuwa amefanya kazi pale tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Alitandaza ramani kubwa mezani, akaweka kidole juu ya Mtaa wa Tillman.

"Makazi B," alisema.

"Maana yake?"

"Maana yake nyumba ya juu na chini. Familia mbili, milango miwili, majiko mawili. Mtaa mzima ulijengwa hivyo, kwa ajili ya watu wa kiwanda."

"Lakini kuna kanuni mpya."

"Ipo. Na kanuni mpya haina kitu kinaitwa Makazi B. Ukija leo uniombe nikupe Makazi B kwa kiwanja chako, nitakuambia haitolewi tena."

"Basi imekufa."

"Hapo ndipo kila mtu anapoanguka." Thora alivua miwani. "Ni kama nyumba iliyofungwa mlango wa mbele. Hakuna mpya anayeingia, lakini waliomo ndani wanaendelea kukaa. Baraza lilipopitisha kanuni mpya, lilitakiwa kubadilisha ramani yote pia, kila mtaa upewe jina jipya. Wakagombana. Mitaa ya matajiri ilibadilishwa haraka, wana mawakili. Mitaa kama Tillman ilisogezwa pembeni mpaka mtu atakapoomba. Hakuna aliyeomba. Kwa hiyo Tillman bado inaishi kwa sheria yake ya zamani."

"Nyumba yenye majiko mawili pale Tillman..."

"Ni halali kama jua. Ilikuwa halali jana, leo, na mwaka ujao."

"Mkaguzi alikuwa aende Jumatatu?"

Thora alicheka kidogo. "Tillman? Tuna wakaguzi wawili mji mzima, na mmoja kavunjika mguu kwenye barafu. Nani aende Tillman, na kufanya nini? Hakuna kosa kule." Kisha aliona nyuso zao. "Kwani kuna nini?"

Munn alimweleza. Alieleza vizuri, bila mzaha, akipenga kamasi mara moja tu. Thora alikaa chini.

"Mtu kaondoa jiko ili kujikinga," alisema polepole. "Na jiko ndilo lililokuwa linamkinga. Makazi B haifi kwa kanuni mpya. Inakufa ukiiacha mwenyewe. Ukiifanya nyumba kuwa moja, ukatoa jiko, ukakaa hivyo mwaka mzima, haki inapotea hairudi. Hiyo ndiyo njia pekee."

"Nani aliwaambia watu wa Tillman haya?"

"Tuliweka tangazo. Tuliitisha mkutano pia. Walikuja watu watatu, mmoja alikuja kuota moto." Alivaa miwani, akaivua tena. "Kuuliza si ujinga, dada. Angepiga simu tu. Mimi mwenyewe ndiye ninayepokea."

"Watu hawampigii simu wanayemwogopa," alisema Vernell.

Ndani ya gari Munn alizungumza kwanza. "Unajua ni nani."

"Najua nani kaliziba bomba. Sijui kama bibi alijua. Kama mzee alimtolea jiko kwa nguvu, au alipokuwa hayupo, kapteni atamtaka na atakuwa na haki."

"Na kama alijua?"

"Basi hatuna mtu."

"Wewe unataka ipi?"

Vernell aliwasha gari.

Waliizunguka nyumba kabla ya kugonga. Theluji kubwa ilikuwa imeanguka kabla ya ule mkutano wa Alhamisi, na tangu hapo haikuyeyuka wala haikuongezeka. Uani nyuma ilikuwa imelala laini toka ukutani mpaka kwenye uchochoro, na lango dogo lilikuwa limezama ndani yake. Kulikuwa na nyayo za paka tu. Upande wa mbele, ngazi zilikuwa nyembamba. Watu wa gari la wagonjwa walikuwa wamelazimika kumsimamisha marehemu kwenye machela ili wapite kwenye kona.

"Jiko la gesi lenye oveni halipiti mbele," alisema Vernell. "Ngazi za ndani za nyuma ni pana, zinashuka mpaka chini, ila theluji ya uani haijakanyagwa. Halijatoka ndani ya nyumba hii."

Pilarski alifungua mlango. Bado alikuwa na tai.

"Bwana Pilarski, naomba ruhusa yako nishuke chumba cha chini."

Alisogea kando. "Mlango haujafungwa, afisa. Angalia kichwa, boriti iko chini."

Chumba kilinuka makaa ya zamani na sabuni. Kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, chini ya mfarishi wa viraka, palisimama kitu cha urefu wa kiuno. Munn aliuvuta mfarishi. Jiko lilikuwa jeupe, la zamani, limesuguliwa likang'aa. Vyuma vya kuwekea sufuria vilikuwa vimeoshwa na kupakwa mafuta visishike kutu. Kwenye rafu ya ukutani palikuwa na kopo la lami nyeupe, kifuniko hakijakazwa.

Vitufe vya kuwashia havikuwepo. Vernell alifungua oveni akavikuta ndani, vyote vitano, vimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa cha njano cha mwanamke. Fundo lilikuwa dogo, la kubana, la mkono uliofunga mizigo ya chakula maisha yake yote. Vidole vya fundi mzee, vyenye viungo vilivyovimba, visingeweza kulifunga.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amepata alichokuja kutafuta, na hakikumsaidia kitu.

"Alikuwepo," alisema. "Vitufe alivifunga yeye."

"Tulilishusha pamoja." Pilarski alikuwa amesimama katikati ya ngazi, mkono ukutani. "Ijumaa. Mimi chini, yeye juu ameshika kamba. Akaniambia, 'Casimir, likikuangukia nitasema sikujui.' Tulicheka mpaka tukakaa kwenye ngazi. Wazee wawili na jiko katikati."

"Alikubali?"

"Alinitukana kwanza. Kisha akasema, haya, mkaguzi akishapita tunalirudisha. Nikamwambia jikoni kwangu ni kwake. Akasema atapika kwangu siku nitakapojifunza kuosha sufuria."

"Na ule mkaa?"

Mzee alishuka ngazi mbili. "Sikujua. Naapa kwa Mama wa Mungu sikujua. Kila Jumapili nikitoka kanisani nakuta supu. Kabichi chachu, ya kwetu. Yeye haipendi, anasema inanuka soksi za mabaharia. Alijifunza kwa ajili yangu mke wangu alipokufa. Nilimwambia Jumapili hii aache, nitakula mkate na jibini. Akasema, 'Sawa, Casimir.' Nilipaswa kujua. Hajawahi kuniambia sawa."

Munn aligeuka akaanza kulikunja mfarishi, vibaya.

"Kwa nini hukutuambia asubuhi?" aliuliza Vernell.

"Mngesema nyumba ni mbili. Mngekuja kumtoa."

"Bwana Pilarski. Alikuwa ameshafariki."

"Najua. Nilikuwa bado naogopa."

Vernell aliinuka. Kilichobaki kilikuwa cha ofisini: picha za jiko, maelezo ya mzee, simu kwa kapteni kumwambia hakuna wizi, hakuna kufukuzwa mtu, hakuna muuaji. Angeweza kuyafanya yote hayo na kuondoka bila kusema neno jingine. Alikuwa na mguu tayari kwenye ngazi ya kwanza.

"Mkaguzi alifika jana?" aliuliza mzee. "Nilikuwa hospitalini kwa ajili ya zile karatasi za mwili. Sikumwona."

"Hakufika."

"Kwa sababu ya msiba? Walimwambia?"

"Hapana."

"Atakuja lini basi?"

Munn alimwangalia Vernell na kutikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa mtu mwema, Munn. Lakini ripoti ingesomwa mahakamani, ingefika gazetini, na mzee angeyapata haya kwa Lassiter dukani, kwenye foleni ya maziwa. Vernell aliona afadhali ayasikie kwa mtu anayemtazama machoni.

"Hatakuja, Bwana Pilarski. Hakuna mkaguzi. Mtaa huu haujaguswa na kanuni mpya. Uko chini ya sheria yake ile ile ya zamani, na sheria hiyo inaruhusu familia juu na familia chini. Na majiko mawili."

"Lassiter alisema..."

"Lassiter alisoma ukurasa mmoja."

Mzee aliyapima maneno hayo. Midomo yake ilisogea kana kwamba anayatafsiri kwa lugha ya mama yake, kisha anayarudisha.

"Kwa hiyo jiko lingekaa pale pale."

"Lingekaa."

"Hakuna ambaye angemgusa."

"Hakuna. Pole, mzee wangu. Pole sana."

Alishuka ngazi zilizobaki. Alilishika jiko kwa mkono mmoja, akalipapasa pembeni, mahali ambapo rangi ilikuwa imepasuka kidogo walipoligonga kwenye boriti. Tanuri liliwaka lenyewe kwa mguno, likazima.

"Nifunge," alisema.

"Siwezi."

"Nimeua mtu."

"Mlishusha jiko lenu, wote wawili mmekubaliana. Yeye akawasha mkaa. Hakuna sheria inayoliita hilo kosa."

"Lassiter je?"

"Kusema asichokijua si jinai. Ingekuwa jinai, tungelala wote ndani."

"Na jiji?"

"Jiji lilikuwa sahihi, Bwana Pilarski. Wana ramani. Kila kitu kiko sahihi."

"Yaani hakuna kitu." Sauti yake ilianza kupanda, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikipanda. "Mji huu! Nisipozoa theluji mbele ya mlango wangu wananiandikia faini. Nyasi zikipita kifundo cha mguu, faini. Pipa la taka likikaa nje mpaka jioni, faini. Nimelipa zote, sijawahi kubisha. Na kwa hili hakuna kitu?"

"Hakuna."

"Tafuta vizuri, binti. Wewe ni afisa. Tafuta." Alinyoosha mkono, kiganja kimefunguka. "Niandikie hata faini."

Vernell alipapasa koti lake, mfuko mmoja, kisha wa pili, ingawa alijua wapelelezi hawabebi kitabu cha faini. Mzee hakuushusha mkono. Munn akaketi kwenye ngazi akijifunika uso.